Tamko la Kutokuwa na Mtu

Nchi ninayoisimulia haina jina kwa sasa. Jina la zamani lilifutwa kwa kuwa lilinuka ukoloni, na kamati iliyoundwa kutafuta jipya bado iko semina. Hilo halitusumbui. Sisi wenyeji tunajua tulipo, na wageni husoma jina la uwanja wa ndege kwenye tiketi, wakashuka, basi.

Uwanja wenyewe ni mmoja. Mimi nilikuwa karani wa dirisha la pili, ukumbi wa wanaowasili. Nilikuwa na mihuri miwili, mmoja wa NDIYO na mmoja wa HAPANA. Ule wa HAPANA ulikuwa umelika upande mmoja kwa kazi.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani msafiri alitoka na mzigo wake akakuta madereva wa teksi kama ishirini, kila mmoja akimwita kwa undugu aliomzulia papo hapo: shangazi, mjomba, mkwe. Alichagua mmoja, wakapatana, wakaondoka. Mwenye ndugu aliyekuja kumpokea aliondoka na ndugu yake. Hakuna aliyejaza fomu. Leo nakiri kwamba tuliishi ovyo.

Aliyetuokoa ni Mheshimiwa Gervas Mtandika, Waziri wa Mapokezi. Alikwenda nje kwenye mkutano wa dunia wa kuzingatia muda, akafika siku moja baada ya kufungwa. Lakini safari haikupotea bure. Katika uwanja wa ndege wa huko alimkuta mtu amevaa tai, ameshika kibao kilichoandikwa jina la Mheshimiwa. Waliokuwa naye wanasema Mheshimiwa alisimama mbele ya kile kibao dakika kumi nzima, akakisoma mara tatu, akavua miwani.

"Ndiyo maana hawa wenzetu wameendelea," alisema.

Aliporudi alileta Sheria ya Kupokelewa.

*

Sheria iligawa ukumbi wetu mistari miwili. Wa kulia uliitwa Wenye Mtu. Wa kushoto, Wasio na Mtu.

Mwenye mtu alikuwa yule ambaye mtu wake amesimama nje ya kioo na kibao chenye jina lake. Huyo aliondoka kwa gari jeusi la kampuni ya Karibu Binafsi, mali ya shemeji yake Waziri. Waziri alisema hiyo ni sadfa. Tume iliundwa, ikasafiri nchi nne, ikathibitisha kuwa ni sadfa.

Asiye na mtu aliruhusiwa kupanda teksi. Kwanza alijaza Tamko la Kutokuwa na Mtu, nakala tatu. Maneno yake yalikuwa machache: "Mimi, fulani bin fulani, natamka kwa hiari yangu kwamba sina mtu." Nakala moja ilisomwa kwenye kipaza sauti cha ukumbi. Ya pili ilibandikwa siku saba katika ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi. Ya tatu ilikwenda kwa mwajiri wake. Sheria ilieleza kuwa lengo ni huruma, ili watu wema wajitokeze.

Sasa msomaji wa kwetu anajua uzito wa jambo hili. Ukitafuta kiwanja, ukitafuta kitanda hospitali, ukimtafutia mwanao nafasi ya shule, swali la kwanza utakaloulizwa ni moja: una mtu pale? Watu wazima na heshima zao wamekaa na njaa lakini wakahakikisha jirani anajua kwamba wana mtu wizarani. Kulisema lile neno hadharani, tena kwa kipaza sauti, ni sawa na kuvua nguo katikati ya soko.

Kwa hiyo wenyeji hawakujaza. Wageni walijaza kwa furaha, wakidhani ni kadi ya afya.

Teksi nazo zilipungua taratibu. Kila teksi ilihitaji kibali cha mwaka kilichosainiwa kwa mkono wa Waziri, na Waziri alikuwa safarini akijifunza mapokezi ya mataifa mengine. Kibali kimoja kikaisha muda wake, kikafuata cha pili, na gari lililoishiwa kibali lilifungwa mnyororo palepale kituoni, mbele ya mlango wa kutokea. Mpaka la mwisho.

*

Mmoja wa madereva wale alikuwa Mshamu Nanjota. Aliendesha teksi pale miaka ishirini na miwili. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, na ndiye aliyekuwa akiwachorea wenzake maneno nyuma ya magari yao. Teksi yake nyeupe ilikuwa ya tatu kufungwa mnyororo.

Mke wake alikwenda nje kupasuliwa macho. Alirudi asubuhi ya Jumatatu, macho yote mawili yamefungwa bandeji, mkononi ana chupa ndogo ya dawa ya matone. Daktari alimwambia mambo mawili: dawa ikae kwenye baridi, na bandeji ibadilishwe kila asubuhi. Akiyafuata hayo, macho yote mawili yataona.

Mshamu alikodi gari jeusi la watu waliomnyang'anya kazi, akaja nalo, akasimama nje ya kioo na kibao. Alikuwa ameandika kwa herufi zake zile nzuri: MAMA SIKUDHANI.

Nilifungua pasipoti. Ilisema NANGUA ASMINI BAKAR.

"Mama," nilimwambia, "kibao hakifanani."

"Kimeandikwaje?"

"Mama Sikudhani."

"Basi si ndiye mimi," alisema. "Mtaa mzima unaniita hivyo. Yeye mwenyewe ananiita hivyo tangu huyo mtoto azaliwe. Ulitaka aandike nini?"

Kifungu cha nne kilitaka jina la kibao lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Niligonga HAPANA.

Jumanne Mshamu alirudi na kibao kipya: ASUMINI BAKARI NANGUO. Hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Lakini karani wa pasipoti alikuwa na lake, na sheria ilinikataza kumwambia mtu wa nje pasipoti ya msafiri inasemaje, maana hiyo ni siri ya msafiri. Mama mwenyewe asingeweza kuisoma, na kumsomea kwa sauti kungekuwa kuitoa siri nje. Niligonga HAPANA.

"Basi nipe hiyo fomu ya teksi," alisema. "Nitembee hata kwa miguu."

"Fomu ni tamko, mama. Tamko la uongo ni kosa. Mumeo yupo hapo nje, namwona."

"Hata mimi namsikia," alisema. "Anapiga chafya. Akikosa usingizi hupiga chafya." Akageuza uso upande wa kioo. "Kwa hiyo nina mtu, ila siwezi kupokelewa naye."

Nilimwambia ameeleza vizuri kuliko kitabu cha sheria.

Jokofu la ukumbi lilikuwepo. Lilikuwa la vinywaji vya Waheshimiwa waliokwisha kuwasili, na dawa haikuwa kinywaji. Jumatano saa nne asubuhi ukumbi ulipuliziwa dawa ya mende, watu wote wakatolewa nje bila muhuri, na ndivyo Mama Sikudhani alivyopokelewa. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilikuwa limeoza chini ya bandeji.

Mshamu aliandika barua. Waziri aliijibu mbele ya waandishi wa habari, kwa upole mkubwa.

"Yule mama hakupotea," alisema. "Alichelewa tu. Na nasikia jicho moja analo. Jicho moja linatosha kuyaona maendeleo."

Watu walicheka. Magazeti yalichapa picha ya kicheko.

*

Mwezi uliofuata Mama Sikudhani alikuja dirishani kwangu. Alikuwa na kitambaa cheupe juu ya jicho, kimefungwa vizuri.

"Ni wewe uliyegonga?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuwa sioni, lakini nilisikia. Unabonyeza sana. Meza nzima inalia."

Niliusogeza muhuri kando.

"Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Siku akija mwenye sheria yake, bonyeza vilevile."

Wizara nayo haikukaa kimya. Iligundua kuwa chanzo cha tatizo ni wananchi kuandika vibao ovyo, ikaanzisha cheo cha Mwandishi Mkuu wa Vibao. Kuanzia hapo hakuna kibao kingeinuliwa nje ya kioo ila kilichoandikwa naye. Waliomba watu arobaini. Aliyechaguliwa, kwa uzuri wa mwandiko, alikuwa Mshamu Nanjota.

Kwa miaka miwili na miezi kadhaa alifanya kazi bila kosa. Hakupandisha sauti hata siku moja. Kila Ijumaa, watu wakiwa wachache, alikuja dirishani na kile kitabu cha sheria.

"Karani, nifundishe. Kifungu cha nne kinamhusu nani?"

"Kila anayewasili."

"Hata mkubwa?"

"Hakisemi mkubwa wala mdogo. Kinasema jina."

Ijumaa nyingine: "Na hii Sheria ya Heshima, nayo ni ya Waziri huyuhuyu?"

"Huyuhuyu. Kuandika jina la kiongozi bila vyeo vyake vyote ni miezi sita ndani."

"Vyote?"

"Vyote, kwa mpangilio wa kupewa."

"Na pasipoti ina vyeo?"

"Haina. Mashine yake ilinunuliwa nje. Huko majina ni mafupi."

Alifikiri. "Asante, karani. Nilitaka kujua tu."

Sikumuuliza anataka kujua kwa nini. Si tabia yangu kumhukumu mtu anayejisomea.

*

Sheria ilipokaribia kutimiza miaka mitatu, kulikuwa na sanduku la maoni ukumbini ambalo halijawahi kufunguliwa. Mshamu aliutafuta ufunguo, akaupata, akatia humo barua moja, akampelekea Katibu wa Waziri sanduku zima. Barua ilisema wananchi wangefurahi sana, katika kumbukumbu ya miaka mitatu, kumwona Mheshimiwa akipita mlango wao badala ya mlango wa wakubwa, apokelewe kwa kibao kama sheria yake inavyotaka.

Waziri aliipenda barua ile. Aliisoma redioni kwa sauti yake mwenyewe.

"Nitapita kama mwananchi," alisema. "Na ninawaagiza askari wa ukumbi: atakayevuka bila muhuri, akamatwe. Hata nikiwa mimi."

Kisha akasafiri kwenda kupokea tuzo ya Mlango Wazi.

Alirudi Jumatatu, saa nne asubuhi. Bendi ilikuwepo, kamera zilikuwepo, na nje ya kioo walisimama watu wake wapatao sitini wakiimba. Mbele yao wanaume sita walishika kibao kimoja chenye urefu wa mita saba. Mshamu alikuwa amekiandika wiki mbili. Kilisomeka: MHESHIMIWA PROFESA DAKTARI MHANDISI BALOZI KANALI MSTAAFU MLEZI WA MAPOKEZI MTANDIKA GERVAS.

Mheshimiwa alikisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, akitembea kando ya kioo. Akavua miwani. Kisha akaja dirishani.

"Karani, nimefika."

"Bado, Mheshimiwa. Kifungu cha pili: mtu hajafika mpaka agongewe muhuri."

Aligeukia kamera. "Mnaona nidhamu?" Watu wakapiga makofi.

Niliweka pasipoti mezani, nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, nikatazama kibao. M na M. Sawa. Nikasogeza kidole. Pasipoti, T. Kibao, H.

Sikuona haja ya kuendelea. Niliuchukua muhuri, nikakumbuka nilivyoombwa, nikabonyeza vilevile. Meza ililia.

Mheshimiwa alicheka. Alicheka peke yake kwa muda, kisha akaacha.

"Waambie waandike kingine kifupi."

Mshamu alisogea kwenye tundu la kioo, mikono nyuma, mpole kama siku zote. "Tungependa, Mheshimiwa. Lakini bila vyeo ni miezi sita. Labda upatikane msamaha wa maandishi."

"Nautoa mimi. Lete kalamu."

"Msamaha husainiwa na Waziri akiwa ofisini," nilisema. "Na Mheshimiwa hajawasili nchini."

Alimpigia simu Naibu wake, Bi Leokadia Msuha. Aliweka simu kwenye sauti kubwa ili sote tumsikie Naibu akitii.

"Mheshimiwa shikamoo," alisema Bi Leokadia. "Tunakutazama kwenye televisheni. Umependeza."

"Saini karatasi moja hapo haraka. Unakaimu."

"Nakaimu ukiwa nje ya nchi, baba. Na umeshashuka kwenye ndege. Lakini ndani nako hujaingia. Nimemuuliza mwanasheria, anasema hapo ulipo kwa sasa hapana mwenye mamlaka. Ila taifa zima linajivunia unavyoisimamia sheria yako. Usituangushe."

Simu ikakatika.

*

Siku ya kwanza watu wake waliimba mpaka saa kumi jioni. Mheshimiwa alikaa kwenye benchi la plastiki, lile lenye mguu mfupi, akaomba maji baridi. Mhudumu alimweleza kwamba jokofu ni la Waheshimiwa waliokwisha kuwasili.

"Nani aliandika ujinga huo?"

Mhudumu alimwonyesha saini chini ya tangazo.

Siku ya pili waliobaki nje walikuwa tisa. Wengine, nilisikia, wamekwenda kumsalimia Bi Leokadia nyumbani kwake, kwa kuwa hali ya hewa ya kule ilikuwa nzuri. Shemeji wa Karibu Binafsi alikuja mara moja, akaongea kwa tundu la kioo.

"Shemeji, yale magari kumi na mawili ya msafara wako yamekaa hapa tangu jana. Kuna watu wengine wanayataka."

"Watu gani?"

"Watu tu, shemeji. Wewe pokea salamu za dada."

Akaondoka na magari yake.

Siku ya tatu, Jumatano, saa tatu na nusu, wale wanaume sita walikilaza kibao chini, wakakanyaga PROFESA na BALOZI walipokuwa wakikiruka, wakaenda zao. Nje ya kioo walibaki wawili tu, Mshamu Nanjota na mkewe mwenye kitambaa cheupe. Walikuwa pale tangu Jumatatu. Mama alikuja na kiti chake. Pembeni yao, ukiuelekea ukuta, uliegemezwa ubao mmoja mdogo.

Mheshimiwa alikuja dirishani. Tai alikuwa ameivua.

"Nipe hiyo fomu."

Nilimpa nakala tatu. Kwa mujibu wa utaratibu nilimuuliza, "Je, tamko hili ni la kweli? Huna mtu?"

Aligeuka akatazama kioo kirefu, mwanzo mpaka mwisho, kama alivyokisoma kile kibao.

"Na wale wawili?" niliuliza.

"Wale," alisema polepole, "si watu wangu."

Nikaridhika kuwa ni kweli tupu. Alisaini. Kwa mara ya kwanza wiki ile niligonga NDIYO, na kipaza sauti kikasoma: "Mimi, Mtandika Gervas, natamka kwa hiari yangu kwamba sina mtu." Kilisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ndege ilikuwa inaruka.

Nakala ya tatu ilikwenda kwa mwajiri wake, yaani Ikulu. Katiba yetu inasema waziri atakuwa mtu wa watu, na anayekiri kwa saini yake kuwa hana hata mmoja amejiuzulu. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini. Hilo ndilo faili pekee ninalolijua lililorudi baada ya dakika ishirini. Bi Leokadia alikwisha kuapishwa.

Mshamu alisikiliza tangazo mpaka mwisho. Kisha aliuchukua ule ubao mdogo, akaugeuza, akauinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Rangi yake ilikuwa imekauka zamani. Uliandikwa, herufi kwa herufi: MTANDIKA GERVAS.

Yule bwana aliuona. Alikimbilia dirishani akashika ukingo wa meza yangu.

"Karani, kile pale. Kinafanana. Tazama."

"Kinafanana, bwana. Sasa huna vyeo, kwa hiyo kuandika hivyo si kosa tena."

"Basi gonga."

"Lakini umeshatamka kuwa huna mtu. Asiye na mtu hapokelewi. Mstari wako ni wa kushoto. Teksi."

Alitazama ule ubao, akanitazama mimi, akamtazama Mshamu. Mshamu hakutabasamu. Aliendelea kuushika juu, mikono imenyooka, mpaka yule bwana alipochukua sanduku lake na ile tuzo ya Mlango Wazi, akatoka kwa mlango wa kushoto.

*

Kituo cha teksi kilikuwa palepale, na magari yalikuwepo yote, yamepangana vizuri, kila moja na mnyororo wake na kutu yake. Mshamu alimfuata. Alisimama kando ya teksi yake nyeupe, ya tatu, akakifuta vumbi kioo cha mbele kwa kiganja.

"Wapi, bwana?" aliuliza.

"Nyumbani. Mjini. Popote."

"Gari ni zima, lina hata mafuta. Ila kibali chake hakijasainiwa. Kiko mezani kwa Waziri mwaka wa tatu huu."

Yule bwana aliushika mnyororo, akauachia.

"Unaweza kusubiri," alisema Mshamu. "Au kuna barabara. Mpaka mjini ni kilomita kumi na saba."

Alikwenda. Tulimwona akivuta sanduku lake juani, gurudumu moja limekwama, akipita chini ya bango kubwa lenye picha yake lililoandikwa KARIBU UPOKELEWE.

Mama Sikudhani alikuwa amekuja na kiti chake mpaka hapo kituoni. Kwa mbali jicho lake lililopona halikuwa zuri sana, akamgusa mumewe mkono.

"Baba Sikudhani, amefika wapi?"

"Amefika kwenye kona."

"Njia anaiona?"

"Anaiona."

"Kwa macho mangapi?"

"Mawili."

Mama akakikunja kiti chake.

"Basi jicho moja ni la ziada," alisema. "Twende zetu."